Kilo za Mafuta na Kilo za Maji: Ushauri kwa Mabondia Wanaopunguza Uzito

Mlaji anayetoa fedha yake anastahili kujua anachokinunua. Bondia wa Kiwalani anayenunua vidonge vya kukojosha, au majani ya chai ya "kukata tumbo", zikiwa zimesalia siku nne kabla ya kupima uzito, huamini kwamba ananunua kupungua kwa mafuta. Sivyo. Anachokinunua ni kupotea kwa maji, na mizani haina uwezo wa kumwonyesha tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ushauri wetu. Lita moja ya jasho ina uzito wa takriban kilo moja. Kwa hiyo kijana anayekimbia kandokando ya Barabara ya Nyerere huku amejifunga nailoni chini ya fulana anaweza kweli kurudi nyumbani akiwa mwepesi. Lakini kilo moja ya mafuta ya mwili imehifadhi nishati ya kalori zipatazo 7,700, na hakuna mbio za asubuhi moja zinazoweza kuiteketeza. Tena nailoni huzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Katika joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, huko ni kujipika.

Madhara yake yanajulikana. Mwanamichezo anapopoteza maji yanayozidi asilimia mbili ya uzito wake (kwa mtu wa kilo 66 ni kama kilo moja na robo tu), pumzi na wepesi wake huanza kupungua. Akizidisha, damu huwa nzito, moyo hupiga mbio na figo huelemewa. Mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki katika muda wa wiki chache walipokuwa wakijikausha ili wafikie uzito waliotakiwa. Mwaka 2015 mpiganaji wa China, Yang Jian Bing, mwenye umri wa miaka 21, alifariki mjini Manila wakati akijiandaa kwa pambano. Hawa hawakuuawa na ngumi wala mieleka. Waliuawa na safari ya kuelekea kwenye mizani.

Tuseme sasa juu ya bidhaa zenyewe. Vidonge vya kukojosha, kama furosemidi, ni dawa ya wagonjwa wa moyo, figo na shinikizo la damu, nayo hutolewa kwa cheti cha daktari. Pamoja na maji, huondoa potasiamu, madini yanayosaidia kuratibu mapigo ya moyo. Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni (WADA) limezipiga marufuku, hivyo bondia anayezimeza huhatarisha afya yake na leseni yake kwa mkupuo mmoja. Dawa za kuharisha nazo huondoa maji na chumvi; mafuta hubaki palepale. Hatari iliyofichika zaidi ni ile ya bidhaa zinazoitwa "za asili". Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu, imekwisha kugunduliwa mara nyingi katika nchi mbalimbali ndani ya vidonge na chai ambavyo lebo zake hazikuitaja kabisa. Muuzaji anayeahidi kilo tano kwa wiki moja, basi, aulizwe ni kilo za nini.

Kilo za mafuta hupunguzwa gengeni na jikoni, tena mapema. Chukua bondia wa kilo 66 anayetaka kupigana katika uzani mwepesi, ambao ukomo wake ni kilo 61.2. Akipunguza kama nusu kilo kwa wiki, atahitaji wiki nane hadi kumi. Mwendo huo hudai apunguze kalori kama 500 kwa siku, na sehemu kubwa anaweza kuipata kwenye mafuta ya kupikia peke yake: kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120. Chipsi mayai, chapati na maandazi ndivyo vya kuacha kwanza, pamoja na soda. Ugali usifutwe, upunguzwe tonge, na dona ni bora kuliko sembe kwa sababu hushibisha zaidi. Mboga za majani ziongezwe bila woga.

Protini ndiyo inayolinda misuli wakati mwili unapungua. Bondia huyo anahitaji angalau gramu 105 kwa siku. Watu wengi hudhani lazima zitoke kwenye kopo la bei ghali. Gramu 50 za dagaa wakavu zina protini isiyopungua gramu 25, sawa na kipimo kimoja cha unga huo. Yai moja lina gramu sita, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. (Dagaa wachambuliwe mchanga na waoshwe chumvi, wapishi wetu wanalijua hili kuliko sisi.)

Baada ya kupima uzito, aliyepoteza maji anywe kidogo kidogo, kama lita moja na nusu kwa kila kilo iliyopotea. Pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi hufaa kuliko maji matupu, kwa kuwa hurudisha pia chumvi. Anayeona kizunguzungu, anayechanganyikiwa au asiyepata mkojo apelekwe kituo cha afya mara moja, pambano liahirishwe. Na walimu wa ngumi tunawaomba hili: kijana aliye chini ya miaka 18 asikaushwe kamwe. Atafutiwe mpinzani wa uzito wake.

Kwa anayenunua bidhaa yoyote ya aina hii, asome kwanza jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha adai risiti. Malalamiko kuhusu dawa hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na yale ya vyakula hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kopo au pakiti isitupwe hata kama imekwisha, kwani mabaki yake ndiyo yanayopimwa maabara.