Bunduki ya Marehemu Juu ya Dari

Mama mmoja wa Manika, hapa Kolwezi, alikuja na swali ambalo hakutaka kulisema kwa sauti. Mumewe, mwindaji wa zamani, amefariki. Siku ya kuziba bati lililovuja, watoto walikuta pupu, bunduki ya kienyeji, imelala juu ya dari, imefungwa ndani ya gunia la unga. Shemeji yake anataka kuiuza, jirani anamwambia aitupe chooni. Yeye anauliza: mimi nina haki gani?

Mama, nianze na lililo gumu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Marekani haki hiyo imeandikwa tangu 1791. Kwetu Kongo bunduki ni ruhusa ya serikali. Sheria-amri nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inasema hivyo kwa nchi nzima, na pupu iliyotengenezwa kijijini nayo imo. Kalashi na silaha nyingine za vita si za raia kabisa. Hakuna karatasi ya meya wala ya chifu wa mtaa inayoweza kuzihalalisha.

Ruhusa ya mumeo, kama alikuwa nayo, ilikuwa kwa jina lake, nawe huirithi pamoja na viti na kitanda. Usiiuze. Usiitupe, maana mtoto wa mwenzako ataiokota. Wala usiibebe mwenyewe kuipitisha barabarani hadi polisi! Nenda kwanza mikono mitupu, na avoka ukiweza, ukiwa na cheti cha kifo na ile ruhusa ya zamani kama ipo. Eleza ilivyopatikana, omba waje kuichukua, na usiwaache waondoke bila karatasi yenye tarehe, jina na sahihi ya aliyeipokea. Baro ina ofisi ya mashauri ya bure kwa asiye na makuta ya avoka.

Haki zako zenyewe zinaanza pale mlango unapogongwa. Kifungu cha 29 cha Katiba kinalinda nyumba ya mtu. Mtu asipokamatwa papo hapo akitenda kosa, anayekuja kupekua aonyeshe manda ya parketi, na upekuzi wa kawaida hauanzi kabla ya saa 11 alfajiri wala baada ya saa 3 usiku. Usipigane naye mlangoni. Ita jirani awe shahidi, shika jina na cheo chake, na kila kinachochukuliwa kiandikwe kwenye PV, yaani hati ya maelezo.

Ukipelekwa kasho, kifungu cha 18 kinataka uambiwe sababu katika lugha unayoielewa. Hapa nasisitiza, kwa sababu Kolwezi watu wengi huhojiwa kwa Kilingala, PV ikaandikwa kwa Kifaransa, nao wakaweka kidole gumba chini ya maneno ambayo hawakuyasikia. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa Katiba hiyohiyo. Sema: nisomeeni kwa Kiswahili kwanza. Una haki ya kuwasiliana na familia au avoka mara moja, na saa 48 zikiisha uachiliwe au ufikishwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria.

Kwa silaha ya vita, raia hujikuta mbele ya oditora, waendesha mashtaka wa jeshi. Kifungu cha 156 cha Katiba kinazungumzia makosa ya wanajeshi na polisi, lakini sheria za kijeshi za 2002 zinawagusa hata raia, na mahakama za kijeshi zimewahukumu wengi. Avoka wako alete hoja ya kifungu hicho cha 156 siku ya kwanza. Akichelewa itakuwa ngumu kusikilizwa.

Nami siwezi kuzungumza bunduki ya dari tu nikanyamaza juu ya bunduki ya mgodini. Walinzi wa kampuni za ulinzi hawaruhusiwi kubeba bunduki. Zilizo migodini ni za polisi na jeshi. Tarehe 15 Novemba 2025 daraja liliporomoka kwenye mgodi wa Kalando, Mulondo, wakafa watu wasiopungua 32. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, iliandika kwamba risasi za askari ndizo zilizowatia watu hofu wakakimbilia darajani. Sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 inataka nguvu itumike pale tu inapolazimu, na kwa kipimo.

Aliyejeruhiwa, au ndugu wa marehemu, anaweza kumshitaki askari au polisi kwenye oditora na kudai fidia katika kesi hiyohiyo. Kabla ya mazishi daktari auchunguze mwili na aandike alichokiona. Nguo zenye damu msizifue: ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi, nakala ya barua ya daktari ibaki nyumbani, na mashahidi waandikwe majina siku hiyohiyo kabla hawajahamia mgodi mwingine.