Bao la trei ya mayai: somo la jioni kwa jamaa yote

Katika somo la leo tunaacha kidogo mambo ya mboji na matangi ya maji. Tunaingia nyumbani, saa moja jioni, wakati ugali uko motoni na kila mtu ana pembe yake. Baba hajarudi, au amerudi na anasikiliza habari. Kijana ameinamia simu. Wadogo wanasukumana. Mama peke yake ndiye anayesema na wote, na maneno yake mengi ni "acha" na "leta".

Tumetembelea nyumba nyingi za namna hiyo, na hatusemi kwa kulaumu, maana hata zetu zimo. Kinachotusumbua ni kwamba wazazi hutuambia, "Huyu mtoto siku hizi hanisemeshi." Tukiwauliza ni lini walikaa naye mara ya mwisho bila kuulizana habari za karo au mtihani, wanaangaliana. Kijana wa miaka 14 huwezi kumketisha kwenye stuli ukamwambia, "Haya, tuzungumze." Atanyamaza tu. Lakini mpe kitu cha kufanya kwa mikono, wewe ukiwa mbele yake, na maneno yatatoka yenyewe, moja moja, katikati ya kuhesabu. Ndiyo sababu tumeamua kufundisha mchezo.

Mchezo wenyewe si mgeni. Waluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, na kule Pwani kuna bao lenyewe la Kiswahili, la safu nne za mashimo manane na kete 64. Anayezuru Hyrax Hill karibu na Nakuru, mahali alipochimba Mary Leakey mwaka 1937, ataona mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba michezo ya kuketi ililetwa na duka la vitabu. Bao la Pwani lakini ni gumu. Lina nyumba, lina kunamua, lina mtaji, na mzee wa Lamu anaweza kukufunga huku akinywa kahawa yake na kusalimia wapita njia. Sisi tutaanza na la safu mbili, ambalo hata mtoto wa darasa la pili ataliweza, na nyanya yake pia.

Tafuta trei kuukuu ya mayai, ile ya karatasi. Ina vishimo 30, sita kwa tano. Kata safu mbili zenye vishimo sita sita. Hilo ndilo bao lako, na kutoka trei moja utapata mabao mawili na kipande cha kuwashia moto. Kama hakuna trei, chimbeni vishimo uani. Ardhi haina bei. Kete ni maharagwe 48, au punje za mahindi, au vijiwe. Ikiwa kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, tumieni vifuniko vya soda na muvihesabu mkimaliza, maana haragwe huingia puani au kooni upesi kuliko unavyodhani.

Wachezaji wawili wanaketi kutazamana, kila mmoja na safu yake. Wekeni kete nne katika kila kishimo. Anayeanza anachota kete zote za kishimo kimoja cha upande wake, anazipanda moja moja kuelekea mkono wake wa kulia, na akifika mwisho anapinda kona na kuendelea upande wa mwenzake, akizunguka. Kete ya mwisho ikianguka penye kete nyingine, anachota zote zilizo pale, pamoja na hiyo yake, na kuendelea kupanda. Ikianguka penye kishimo kitupu, amelala, ni zamu ya mwenzake. Lakini kama hicho kitupu kiko upande wake mwenyewe, anakula kete zote zilizo katika kishimo cha mwenzake kinachotazamana nacho, anaziweka kando. Ile kete yake ya mwisho inabaki palepale. Kama mbele hakuna kitu, basi, hakuli kitu. Mchezo unaisha mtu akifika zamu yake akakuta safu yake haina hata kete moja. Zilizobaki upande wa pili zinakuwa za mwenye upande huo. Hesabuni. Mwenye 25 au zaidi ameshinda, na wote wakiwa na 24 ni sare.

Sasa fanyeni zoezi hili, msisome tu. Vishimo vyako viite cha 1 hadi cha 6, kutoka kushoto. Anza na cha 1. Kete nne zinakufikisha cha 5, ambacho sasa kina tano. Chota, panda, vuka kwa mwenzako. Kete ya mwisho inaangukia kishimo chake cha nne tangu kona. Chota tena tano, zunguka, rudi kwako mpaka cha 3. Chota sita, vuka tena, unaishia kishimo cha tatu cha mwenzako. Chota sita tena, zunguka, na mwisho unaangukia cha 3 chako, ambacho ulikiacha kitupu. Tazama mbele yake: kuna kete moja tu. Safari yote ile, kama mtu aliyepanda matatu mpaka Nairobi kununua kiberiti!

Warudishieni kete nne nne, halafu mwanzie cha 2. Safari ni ileile kwa urefu, lakini mara hii unaangukia cha 4 chako, na mbele yake zimekaa kete sita. Hapo ndipo tulipomwona msichana mmoja wa darasa la nne akiinua kichwa na kuuliza, "Kwa hivyo naweza kujua kabla sijachota?" Ndiyo, mama. Unaweza. Walimu wa hesabu wangefurahi kulisikia swali hilo, na hakuna aliyemlazimisha kuliuliza. Cha 3 na cha 4 pia vinaleta sita kwa mwanzo. Ukishajua hivyo, bila shaka mwenzako naye amejua, na mchezo hasa unaanzia zamu ya pili.

Hapa tuseme neno ambalo halipendezi. Katika nyumba moja tulimkuta baba, mtu mwema na mchapa kazi, amefungwa na mwanawe wa miaka 12 mara mbili mfululizo. Mara ya tatu alipoona anashindwa tena alipiga trei teke, akasema huo ni utoto. Maharagwe yaliingia chini ya kabati. Tuliporudi baada ya majuma kadhaa, trei ilikuwa juu ya dari, na yule kijana alikuwa amerudi kwenye pembe yake. Mama alitueleza kwa sauti ya chini kwamba mwana haombi tena kucheza na baba. Baba naye alijuta, ilionekana, ila hakujua aanzie wapi. Tulimshauri asianze na hotuba. Aishushe trei mwenyewe, apange kete nne nne, akae. Alikaa karibu nusu saa, wa nne kati yetu akaanza kutazama saa, ndipo kijana akaja, akachota bila kusema kitu. Alimfunga tena, na baba akasema, "Nionyeshe ulivyofanya pale mwisho." Tuliaga tukawaacha wameinamia trei.

Kumwachia mtoto ashinde makusudi? Sisi kwa sisi hatukubaliani. Mmoja wetu huwaachia wadogo mara moja moja. Wengine tunaona mtoto hugundua upesi, na akigundua hukuona muongo. Afadhali umpe kete chache za kuanzia mbele, wazi wazi, mpaka atakapokua.

Na pesa isiingie, hata shilingi. Vijana wetu wengi wameshachomwa na kamari za simu. Tumeona kuku wa mama wakiuzwa kwa ajili hiyo. Mchezo wa nyumbani ukiwekewa dau, mwenye hasara hataki kuacha na mwenye faida hataki kukaa. Kuna wanaoogopa hata dadu la ludo kwa sababu ya jambo hilo hilo, nasi hatuwalazimishi. Ndiyo faida moja ya bao: hakuna bahati ndani yake. Umefungwa kwa kuwa hukuhesabu.

Drafti pia ni nzuri kwa wakubwa. Chukueni kadibodi, chorani miraba minane kwa minane, vifuniko 12 vya soda vitazame juu na 12 vitazame chini, mko tayari. Ila habari za kingi, atembee hatua ngapi na ale namna gani, hutofautiana kutoka soko hadi soko. Kubalianeni kabla ya kuanza, si wakati mtu ameshakula tatu.

Vikundi vyetu vijaribu jambo hili juma hili: wakubwa wawili wacheze bao kwanza, watoto wakitazama, kisha mtoto mmoja achukue nafasi ya mkubwa na wengine wanyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Kila mtu ana shauri. Na kwa wale wanaotaka kazi ya kufanya nyumbani, hatukusema lolote kuhusu kuanza na cha 5 au cha 6. Pandeni muone kete ya mwisho inalala upande wa nani.