Mtakatifu Bruno, askari mwenye hasira

Wakatekumeni wapendwa, katika Masisi na Walikale wako wanaosema: "Nimelewa kasiksi, nimepiga watu, Mungu atanitakia nini?" Na wamtazame Bruno Serunkuma, askari wa Mwanga, mfalme wa Buganda. Alibatizwa mwaka 1885, lakini hasira yake haikutulia upesi. Tena akapokea wasichana wawili aliopewa na mfalme. (Wengine hulificha jambo hili, si vema.) Alipoonywa aliwaacha, akafanya kitubio mbele ya Wakristo. Ubatizo huosha dhambi zote za zamani. Naye aangukaye baadaye, neema humwinua katika Kitubio. Tarehe 3 Juni 1886 Bruno alichomwa moto Namugongo, asimkane Kristo. Papa Paulo VI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1964, pamoja na wenzake 21.