Walii wa Asiye na Walii, na Wenye Amri wa Mrima

Bismillahir Rahmanir Rahim. Jua, ewe ndugu, ya kuwa Suratun-Nisaa, aya ya 59, imeamrisha kutiiwa wenye amri. Na wanavyuoni wamebainisha kuwa amri ya mtu hupimwa kwa wadhifa aliopewa, wala haipiti hapo.

Mas-ala: mwanamke wa Mtoni hana baba, wala babu, wala ndugu, wala ami, wala asaba yeyote. Nani atamwozesha? Hadithi yajulikana, kwamba sultani ndiye walii wake. Je, sultani huyo leo ni nani?

Zamani jawabu lilikuwa jepesi. Seyyid Majid alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, aliwakuta majumbe wa Kishomvi pale Mzizima, akaweka juu yao mamlaka ya Unguja. Mwaka 1890 Wadachi wakaununua Mrima kwa Sultani kwa marka milioni 4. Liwali, akida na jumbe wakabaki, ila mlipaji mshahara akawa mwingine. Waingereza nao, kwa sheria ya 1926, wakatawala kupitia wakuu wa wenyeji. Kisha mwaka 1963 Serkali ya Tanganyika ikafuta mamlaka ya machifu.

Hapa wengi huteleza. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa kadhi hauzuliwi kwa kufa imamu, kwani kadhi si wakili wa nafsi ya mtawala. Basi husemwa kuwa uliwali ungalipo kwa watoto wa liwali. Sivyo. Kufa mtawala ni jambo moja, na dola iliyo hai kuuondoa wadhifa ni jambo jingine. Nao hauridhiwi kama shamba la minazi.

Wala mwenyekiti wa mtaa si badali yake. Huchaguliwa kila miaka mitano kwa mambo ya mtaa: barua, mitaro, ulinzi. Katika hayo na atiiwe. Walakini uwalii hakupewa, na pengine si Mwislamu.

Basi mwanamke na aende kwa kadhi waliyemweka Waislamu, kama wale wa BAKWATA, ijapokuwa hukumu yao haina askari. Asipompata, yeye na mposaji wamhakimishe mwanamume mwadilifu, mjuzi wa mlango huu, awaozeshe. Nayo ndiyo tahkimu. Kisha ndoa iandikishwe kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kwani siku ya mirathi mahakama huuliza cheti.

Ama mwanamke ambaye walii wake yu safarini, mwendo wa marhala mbili, hukumu yake itakuja katika juzuu ifuatayo, inshaallah. Wallahu aalam.