Nilibatizwa utotoni, je, nibatizwe tena?

Swali: Nilibatizwa nikiwa mchanga katika usharika wa Kilutheri Iringa, nikapata kipaimara. Sasa naishi Mbeya, na mwenzangu wa maombi anasema sijazaliwa mara ya pili mpaka nizamishwe kwenye maji mengi. Je, ahadi ya Mungu kwangu ni batili?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Yesu alipomweleza Nikodemo habari ya kuzaliwa kwa maji na Roho (Yohana 3), alizungumzia kazi ya Mungu, wala hakutaja wingi wa maji. Naye Petro alitangaza kwamba ahadi ni ya wasikilizaji wake na watoto wao (Matendo 2:39). Kwa imani hiyo Walutheri hubatiza watoto wachanga, sawa na Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891.

Wapentekoste, kwa upande wao, husisitiza imani itangulie ubatizo, kama mwenzako anavyoelekea kusema. Waheshimu, na ujiulize: leo namwamini Kristo? Kwa mfano, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliwagusa watu waliokwisha kubatizwa. Walitubu hadharani, wakarudisha vya wizi, wakapatana na mahasimu, na wengi wakabaki katika makanisa yao.

Tubu, amini, patana na uliyemkosea. Ahadi uliyopewa utotoni ipokee sasa kwa moyo wako wote.