Uzamivu wa mkakati wa biashara: anzia mizani, maktaba itakusubiri

Nilipoanza uzamivu niliamini mlima wangu ungekuwa nadharia. Nikashinda maktaba miezi minane na Michael Porter wa 1980, Edith Penrose wa 1959 na Jay Barney wa 1991, nikaandika pendekezo tamu kuhusu kampuni za malori yanayobeba mizigo ya Kongo na Rwanda kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kisha nikasambaza madodoso 120. Yalirudi 14, na mawili kati ya hayo aliyajaza mlinzi wa getini.

Kwa hiyo usiandike pendekezo kabla hujajua nani atakufungulia mlango. Mimi nilianza upya Vigwaza, kwenye mizani ya malori, nikinywa chai na madereva. Mmoja akanipeleka kwa tajiri wake. Barua ya utambulisho ya chuo nilikuwa nayo, ila sikuitanguliza. Wala sikumuuliza mkakati wake ni upi. Neno hilo huwafanya wenye magari wajibu kana kwamba wanahojiwa na benki. Nilimuuliza: "Shikamoo mzee. Mwaka ule mafuta yalipopanda, ulibakije barabarani?" Akazungumza saa mbili. Wenzake walipunguza watu; yeye alimlipa fundi wake wa miaka 19 hata gereji ilipokuwa tupu, fundi anayelijua kila lori kwa mlio wake. Hapo ndipo Barney aliponiingia: rasilimali yenye thamani, adimu, ngumu kuigwa. Scania kila mtu anaweza kununua.

Kuhusu ajira: vyuoni kwetu uzamivu hukutoa kwenye uhadhiri msaidizi ukawa mhadhiri. Kutoka hapo kwenda mhadhiri mwandamizi yanahesabiwa machapisho, na tasnifu iliyolala kabatini si chapisho. Yangu niliiandika kama kitabu kimoja. Kuivunjavunja iwe makala kulinila miaka miwili, huku nina darasa la wanafunzi 400 na marundo ya mitihani. Wewe panga tangu siku ya kwanza sura tatu ambazo kila moja inaweza kwenda jaridani peke yake, na msimamizi wako akubali mpango huo mapema.

Ukiletewa barua pepe ya jarida linaloahidi kukuchapisha ndani ya wiki ukilipa ada, ifute. Mimi nililipa. Kamati ya kupandisha vyeo iliikataa ile makala, na hela haikurudi.