SOMO: Kijana hujifunza kunywa pombe wapi?



Kijana wa miaka 14 akikutwa amelewa, watu husema: "Marafiki wabaya wamemharibu." Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Marafiki hao ni watoto wa majirani zetu, nao walijifunza mahali fulani.

Anza nyumbani kwako. Mgeni akija, nani hutumwa kuchukua kasiksi au kanyanga kwa jirani? Mara nyingi ni mtoto. Anabeba bidoni, njiani anaonja, akirudi hakuna anayemwuliza. Siku nyingine babu anampa mrija avute kidogo, na watu wanacheka. Baada ya miezi michache hahitaji kutumwa.

Wazee wengine hujibu kwamba hata wao walikua hivyo huko Kongo. Lakini huko kijijini mzazi yeyote aliweza kumfukuza mtoto wa mwenzake penye pombe. Hapa Uganda tunaishi kando ya watu tusiowajua, wa lugha nyingine, na tunaogopa kumkaripia mtoto wa jirani tusije tukaanzisha ugomvi. Kijana analijua hilo kuliko sisi.

Mfikirie pia yule aliyemaliza darasa la saba akakosa karo ya sekondari. Anashinda senta tangu asubuhi. Anabeba mizigo, na baadhi ya wakubwa humlipa kikombe cha pombe badala ya pesa. Hakuna anayemlazimisha, ila akikataa anaitwa mtoto mchanga. Kukataa peke yako ni kugumu; wawili wakikataa pamoja, kicheko hupungua.

Hatuandiki haya kuwashambulia akina mama wanaopika pombe. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa chakula na pesa kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Mama anapika apate sabuni na madaftari. Kumwambia aache, bila kumwonyesha kazi nyingine, ni maneno ya bure. Lakini kutomuuzia mtoto kunawezekana leo. Sheria ya Uganda hairuhusu kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18. Na mtoto aliyetumwa arudi na bidoni tupu. Mwenye kiu atakuja mwenyewe.

Kwa nini tunasisitiza umri? Ubongo wa binadamu huendelea kukua hadi karibu miaka 25. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya watu 100 walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya 40 walifikia kuwa watumwa wa pombe. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa 10 hivi. Kwa hiyo kuchelewa kuanza, hata kwa miaka michache, ni faida.

Je, mtaa unaweza kubadilika? Huko Iceland, nchi ya baridi ya Ulaya, mwaka 1998 vijana 42 kati ya 100 wenye miaka 15 na 16 walisema walilewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa 5. Wazazi walishika saa za watoto kuwa nyumbani, wakatembea mitaani kwa makundi usiku, na vijana wakapewa michezo na muziki. Wao wana fedha nyingi, hatukatai. Kukubaliana saa hakuhitaji fedha.

Maswali ya kujadiliana kijijini, vijana wakiwepo:

Katika kijiji chetu, watoto wanapata pombe katika nyumba zipi, na nani anaweza kuzungumza na wenye nyumba hizo bila kuleta chuki?

Je, nimempa jirani yangu ruhusa ya kumrudisha mtoto wangu nyumbani? Nimemwambia kwa mdomo, au nadhani tu anajua?

Vijana wa senta wangependa kufanya nini saa kumi jioni, kama uwanja na mpira vingekuwepo?